Mistari Iliyolalia Upande wa Pili

3 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na grainda yako ya kusagia chuma pia, maana siku ikiwa mgonjwa yenyewe, mtaa mzima unakosa amani. Sisi huku hatujambo. Mafua yameniachia, na yule mwenzangu wa chumba aliyekuwa akikaanga vitunguu asubuhi na jioni amehama, kwa hiyo nguo zangu sasa zinanukia sabuni kama za watu wengine.

Baba ameniandikia. Tangu astaafu udereva bado anaamka saa kumi na moja alfajiri, anavaa viatu, kisha anakaa kitini hana pa kwenda. Amekulalamikia tena. Anauliza mwanamke wa miaka sitini na sita anatafuta nini kwenye vumbi la chuma. Anasema uliapa mbele yake kwamba siku mkono utakapokataa kazi utampa ufunguo wa karakana na kuhamia kwake, kwenye chumba cha nyuma. Chumba ameshakipaka rangi. Mimi simo, nafikisha salamu tu.

Sasa shida yangu. Unaijua kazi yangu, ile uliyoiita kupiga picha vitu ambavyo havipo. Kuna watu wanajenga jengo la ghorofa kumi na mbili, na kila ghorofa ina milango miwili ya lifti. Wanataka kuiona milango hiyo kabla haijakatwa, iwe ya chuma cha stenlesi kilichosuguliwa kwa mkono, siyo kwa mashine. Nimeichora mara tisa, na mara zote tisa msimamizi wangu amesema inafanana na plastiki.

Nikueleze kidogo. Zamani wachoraji wa kompyuta walikuwa wanadanganya: ukitaka kitu king'ae, unabandika doa jeupe, kazi imekwisha. Siku hizi tunauacha mwanga ufanye kazi yake. Kila kitu tunakipa tabia zake za kweli: rangi yake bila kivuli, ni metali au si metali, na uso wake umekwaruzika kiasi gani, kuanzia sifuri ambayo ni kioo mpaka moja ambayo ni chaki. Kisha kompyuta inaufuata kila mwale, umetoka wapi, umegonga wapi, umerudi na nguvu gani. Na kuna sheria moja haivunjwi: mwanga unaorudi hauwezi kuzidi ulioingia.

Tatizo ni kwamba mimi tabia za stenlesi nimezikisia, na kukisia kunaonekana. Nahitaji vipande sita kutoka mkononi mwako, virefu kiasi, upana wa daftari, kuanzia msasa wa chini mpaka mng'aro wa mwisho. Nitavipima. Piga chapa yako kona ya chini kulia kama ulivyozoea, nijue juu na chini.

Na jambo kubwa ni hili. Nimewaambia wenye jengo kwamba picha ikikubaliwa, atakayeisugua milango yenyewe ni wewe. Wamekubali. Ni kazi ya miezi, Shangazi. Baba hatakuwa na la kusema.

Mwanao,
Maswali

---

11 Machi

Maswali,

Marahaba. Mwandiko huu usikushtue. Ni wa fundi cherehani, jirani yangu wa ukuta mmoja, kwa sababu miwani yangu imevunjika. Ameniomba niseme kwamba anaandika vizuri zaidi ya ninavyosema. Nimekubali aandike hivyo ili tuendelee.

Mimi mzima. Masikio ni yale yale: ukinipigia simu unajichosha bure, na ukiniandikia kwenye simu herufi ni kama sisimizi. Barua ndiyo yetu. Huku ni ukame, tangu Januari hatujaona hata wingu la kudanganyia watoto. Baba yako alipita Jumapili. Sikuwa na nafasi, nikamsalimia dirishani akaenda zake. Mwambie rangi ya chumba ikikauka akipangishe.

Vipande sita hivi hapa, nimevifunga kwa flana visikwaruzane. Cha kwanza ni msasa namba themanini, kisha mia na ishirini, mia na themanini, mia mbili na arobaini, mia nne. Cha sita nimemalizia kwa kitambaa na dawa ya kung'arishia, mpaka uone meno yako na ujutie. Vimechelewa kwa sababu ya mvua.

Hiyo sheria yako ya mwanga ungeniuliza ningekupa bila kompyuta. Chuma hakina fadhila, kinarudisha ulichokipa, na kikikuficha kitu ujue umekitazama vibaya. Usikitazame ukiwa umesimama mbele yake kama mtu anayesubiri kuhudumiwa. Inama mpaka jicho liwe karibu sawa na uso wake, hapo kila kosa litainua kichwa. Na kusugua kwa mkono ni pumzi moja, mstari mmoja. Ukisita katikati, alama ya kusita inabaki hapo hata ukizikwa.

Kuhusu milango: waambie ndiyo. Usisubiri waulize mara ya pili.

Shangazi yako

---

2 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na salamu kwa mwandishi wako. Mimi mzima, ila nimekonda kidogo kwa furaha, na hilo utalielewa ukifika chini. Nimecheka kwanza kuhusu mvua. Ukurasa wa kwanza ni ukame, wa pili mzigo umecheleweshwa na mvua. Barua moja, misimu miwili.

Baba anasema siku hizi humfungulii mlango, unazungumza naye dirishani kama karani wa posta. Anauliza kama kuna alichokukosea. Nimemwambia una kazi nyingi.

Vipande vimefika salama. Tulifunika chumba kizima kwa kitambaa cheusi, tukaweka kipande mezani, kamera juu yake haisogei, na taa kwenye mkono wa chuma unaozunguka hatua kwa hatua. Kila kipande picha mia tatu. Na ulichosema cha kuinama, hesabu zetu zinakijua: kila kitu hung'aa zaidi kikitazamwa kwa upande, hata ukuta, hata meza. Msimamizi alipoisoma barua yako alisema wewe ungemwokolea mwaka mmoja wa chuo.

Tumejifunza kwamba ukwaruzo pekee hautoshi. Taa ikiangukia chuma ulichosugua haikai kama doa la mviringo. Inavutika, inakuwa utepe mrefu unaoikata mistari yako. Ukiupatia utepe huo, plastiki inageuka stenlesi hapo hapo. Nilipouweka kwenye picha ya mlango, mwenzangu wa meza ya jirani akaacha chai yake akaja kuangalia.

Palikuwa na mambo mawili madogo, nimeshayarekebisha. Kipande cha tano nusu yake ya kwanza ni laini kuliko ya pili, kama kimesuguliwa siku mbili tofauti, basi nikachukua wastani. La pili lilinisumbua. Lile sinia ulilonipa nilipohama nyumbani, mistari yake inapanda kidogo kuelekea kulia, kwa sababu kiwiko chako kinazunguka hivyo. Kwenye picha za vipande, mistari inapanda kuelekea kushoto, yote sita. Vipande vyenyewe tulikuwa tumeshawapelekea wenye jengo wavishike, na chapa nilikuwa nimeikata pembeni ya picha, kwa hiyo sikuwa na cha kulinganisha ila sinia. Nikajua kosa ni langu, nimeiunganisha kamera kinyume, maana mkono wako naujua tangu nikiwa mdogo. Nikaipindua picha yote ndani ya kompyuta, kulia ikawa kushoto, ikalingana na sinia sawasawa.

Na wamekubali, Shangazi. Wamesaini juu ya picha yenyewe: milango yote ishirini na minne iwe hivi ilivyo hapa, mistari hii hii, mlalo huu huu. Wanataka kuanza Julai na kumaliza mwisho wa Septemba. Niandikie haraka.

Mwanao,
Maswali

---

20 Mei

Maswali,

Marahaba. Sisi wazima. Ukame umeisha, na safari hii ni kweli.

Barua yako ilifika mapema, mimi ndiye niliyekaa nayo. Picha ni nzuri. Nimeiinamia nikaitazama kwa upande, halafu nikakumbuka ni karatasi.

Irudishe ulivyoikuta. Usipindue kitu. Waambie uliikosea wewe, na hilo ni kweli. Wakikataa, wakatae. Sina maelezo mengine, na baba yako asiingizwe kwenye habari hii, hata kwa neno moja.

Shangazi yako

Mwandishi anasalimu. Amekatazwa kuongeza lolote, kwa hiyo haongezi.

---

9 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Habari za huku ni nzuri, nami leo sitakuchosha nazo.

Nilipopata barua yako niliwaomba wenye jengo vipande vyetu. Vimerudi juzi, bado viko ndani ya flana yako. Nilikiweka cha kwanza mezani, chapa kona ya chini kulia, inasomeka vizuri kabisa. Mistari inapanda kuelekea kushoto. Nikakigeuza juu chini. Mshazari ukigeuzwa hivyo unabaki ule ule. Kamera haikuwa na kosa. Sinia nalo halina kosa. Ni mkono mmoja uliosugua sinia, na mkono mwingine uliosugua vipande.

Kwanza nilidhani umeajiri mtu, nikakasirika kwamba hukuniambia. Kisha nikavitazama kama ulivyonifundisha, jicho karibu na chuma. Kila mstari ni pumzi moja, hakuna uliosita. Fundi mwingine wa namna hiyo simjui, na wewe humjui, maana ungemtukana nikamsikia. Basi nikaanza kuhesabu: miwani iliyovunjika mwezi wa tatu na haijatengenezwa mpaka mwezi wa tano, baba anayesalimiwa dirishani, mvua iliyonyesha wakati wa ukame, kipande cha siku mbili. Shangazi, mkono wako wa kulia una nini?

Nimelia, nakwambia ukweli. Nimelia kwa sababu ulinitumia jambo hilo likiwa limeandikwa kwenye chuma mara sita, na mimi nikalifuta kwa kubonyeza mara moja, nikidhani nakuheshimu.

Kwa wenye jengo nimekwenda mwenyewe. Msimamizi alinigombeza njiani, na alikuwa na haki, kwa sababu kazi yetu yote ni kuonyesha kitu kilivyo na mimi nilionyesha nilivyokizoea. Niliweka picha mbili mezani, ile waliyoisaini na ile ya kweli. Mkubwa wao alizitazama kwa muda mrefu, akaniuliza tofauti iko wapi. Nikamwonyesha utepe wa mwanga unavyoinama. Akauliza kama mlalo huu mpya ni dhaifu. Nikamwambia nimeupima, ukwaruzo ni ule ule, mwanga unaorudi ni ule ule. Akachana ya kwanza, akasaini ya pili.

Wanaleta mlango mmoja wa majaribio karakanani kwako, lori litafika wiki ya kwanza ya Julai. Waliniuliza pia kama utaweza yote ishirini na minne mpaka mwisho wa Septemba. Hilo sikulijibu. Lilikuwa lako, na nilishajibu kwa niaba yako mara moja zaidi ya inavyotakiwa.

Baba sijamwambia. Kunyamaza kwangu kwake kunaniuma, lakini nimenyamaza.

Mwanao

---

17 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo, kila mmoja kwa kiasi chake. Fundi cherehani ameketi hapa na kalamu yake, na nimemruhusu kuandika kila kitu, kwa hiyo anatabasamu mpaka naona aibu kwa niaba yake.

Ilikuwa Novemba, asubuhi. Nilikuwa natia maji kwenye birika, mkono wa kulia ukaachia. Birika likaanguka, na mimi nikalisikia, kwa hiyo ujue lilianguka kwa kishindo. Fundi alinipeleka zahanati. Wakasema ni kiharusi, chepesi, shukuru. Mguu ulirudi baada ya wiki. Mkono haukurudi. Unaning'inia hapa kama mgeni asiyejua kuaga.

Nilimwapia baba yako, na nilijua nimeapa. Lakini nilikaa nyumbani siku nne tu, siku ya tano nikaona nitakufa kwa usafi, maana vyombo vyote nilikuwa nimeshavisugua. Nikaingia karakanani, nikafunga mlango kwa ndani, nikabana kipande cha chuma chakavu kwenye jiliwa, nikashika msasa kwa mkono wa kushoto. Ulikuwa mjinga kama mguu. Desemba nzima nilikwaruza. Januari nikapata mstari mmoja unaofika mwisho bila kusita. Barua yako ikaja Februari. Vipande vyako sita vilinichukua siku kumi na tisa, Maswali. Cha tano kweli ni cha siku mbili. Kompyuta yako ina umbeya.

Halafu ukaniandikia kwamba umeipindua picha ilingane na sinia. Nilikaa na barua ile mwezi mzima. Sikukukasirikia wewe. Nilikasirika kwa sababu picha ile ilikuwa ya mkono niliokuwa nao, na wote mliupenda, na mimi pia niliupenda, na siwezi kuuleta. Nilijaribu. Niliufunga msasa kwenye mkono wa kulia kwa kamba, nikausukuma kwa wa kushoto. Ukiona kipande kile utadhani kuku amepita.

Barua yako ya Juni ilipofika na kuniambia umekwenda mwenyewe kusema kweli mbele ya wakubwa, nikaona sasa nimebaki mimi. Nikavaa vizuri, nikaenda kwa baba yako kwa miguu. Alikuwa kitini, amevaa viatu. Niliweka ufunguo mezani kwa mkono wa kushoto, nikamwinulia wa kulia kwa huo wa kushoto ili auone.

Nikamwambia, "Mdogo wangu, niliapa. Huo hapo."

Alinitazama. Kisha akanipigia kelele, maana kwangu kunong'ona ni kupoteza pumzi. "Tangu lini?"

"Tangu Novemba."

"Na Jumapili zote zile nilisimama dirishani?"

Nikasema ndiyo. Akachukua ufunguo, akautia mfukoni, akaingia ndani. Nilirudi nyumbani nikalala mchana, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Siku tatu sikula vizuri. Sitakuficha, nililia, na sikuulilia mkono, niliulilia mlango uliofungwa.

Siku ya nne alikuja asubuhi akagonga kwa ngumi mpaka nikasikia. Akasema kuna lori limesimama karakanani na watu wanne wameshika mlango wa lifti, wanauliza mwenyewe yuko wapi, na yeye hajui wauweke uso juu au uso chini. Tukaenda. Akafungua. Tukaulaza mezani, watu wa lori wakaondoka, nikadhani na yeye ataondoka. Akavua saa yake, akaiweka dirishani. Akauliza aushike wapi usitetemeke.

Nilimwonyesha. Huyu mtu ameshika usukani miaka thelathini na minane, mikono yake haitetemeki hata ukimtukana. Mimi nasugua, yeye anabana na kuusogeza kila mstari unapofika mwisho. Mlango umetuchukua siku tano. Mistari inapanda kuelekea kushoto, ni mmoja mmoja, na hakuna uliosita. Jua lilipoingia dirishani utepe wako nikauona, umeinama upande ambao sijauzoea. Niliutazama sana. Ni mzuri, na ni wangu.

Sasa jibu la wakubwa. Waambie kumi, siyo ishirini na minne. Ghorofa tano za chini, ambako watu wanapita. Huko juu waipe mashine, hakuna anayepanda ghorofa ya kumi na moja kukagua mistari. Wakitaka yote kwa mkono, watafute mtu mwingine, na wakimpata wanitajie jina.

Ufunguo bado anao baba yako. Hajaurudisha, na mimi sijauomba, kiapo ni kiapo. La kuhamia chumba cha nyuma hajalitaja tena, nami simkumbushi. Anafungua saa mbili asubuhi na kufunga saa tisa, na ikigonga saa tisa hata niwe katikati ya mstari anataka niweke msasa chini. Tunagombana kila siku kuhusu mstari wa mwisho. Mimi, niliyembeba mgongoni akiwa na surua, nasimama nje ya karakana yangu mwenyewe kila asubuhi nikisubiri kufunguliwa.

Jana alichelewa dakika kumi. Nikamwambia akirudia nitatafuta mtu mwingine. Akaomba msamaha.

Shangazi yako